Beseni, Barafu na Themomita Zinazobishana

Mkazi wa Ifakara hahitaji chombo cha kumwambia kwamba leo kuna joto. Mji umekaa bondeni, mita 270 hivi tu kutoka usawa wa bahari, milima ya Udzungwa upande mmoja na ya Mahenge upande wa pili, na ikifika Novemba hata mbuzi wanajua kivuli cha saa nane kitaangukia wapi. Lakini ukianza kuuliza ni joto kiasi gani hasa, kwa namba, utaona jinsi mji huu unavyohangaika na digrii. Taasisi ya Afya Ifakara, iliyoanza miaka ya 1950 kama maabara ndogo ya Waswisi, inafuga mbu. Mbu hao, ambao kwingine kote wanafukuzwa kwa dawa na matusi, humo wanapangishiwa vyumba vya nyuzi 27 za Selsiasi, zikizidi au kupungua mbili, na unyevu wa kuwatosha, na maji ya sukari, na mtu wa kuandika kila siku kama mambo yao yamekaa sawa. Mgeni wa gesti ya bei nafuu hapati huduma hiyo. Yeye anapewa ufunguo, kandambili zisizolingana, na feni inayotoa sauti bila upepo.

Mbu si wateja pekee wa digrii. Friji la chanjo katika zahanati linatakiwa likae kati ya nyuzi 2 na 8. Mashine ya kutotolea vifaranga, ile ambayo seremala ameiunda kwa mbao na balbu, inatakiwa ikae karibu na 37.5, la sivyo mwenye mayai atasubiri siku 21 apate harufu. Vyote hivi vinategemea kijiti kidogo cha chuma chenye waya, kihisi joto, na kioo kinachoandika namba. Na hapa ndipo ninapowashangaa watu wa bonde hili. Mkulima wa Mngeta anaweza kukesha akibishana na mnunuzi juu ya gunia la lumbesa, akadai mizani irudiwe, akamwita mjumbe. Lakini kioo kikimwambia friji lina nyuzi 7.6, anakiamini kama kimeapishwa. Dai langu ni kwamba kila penye kihisi joto pawe na beseni la maji la kukihakiki, lililoundwa palepale kwa vitu vya sokoni, na ubaya wa sura yake usiwe hoja.

Kuna mtu ambaye hapo tayari amenyoosha mkono: kihisi kimetoka kiwandani kimeshapimwa, tukipime tena kwa nini? Tuchukue kimoja ambacho mafundi wengi wanakipenda, DS18B20. Mtengenezaji anaahidi kwamba kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na 85 juu yake hakitakosea zaidi ya nusu digrii, kwenda juu au chini. Kioo chake, wakati huohuo, kinaweza kuandika mpaka sehemu ya kumi na sita ya digrii. Maana yake tarakimu za mwisho ni mapambo. Vihisi viwili vya namna hiyo vinaweza kupishana digrii nzima ndani ya kikombe kimoja, na hakuna hata kimoja kilichovunja ahadi ya kiwandani. Hiyo ni ahadi ya kihisi chenyewe. Nakala zake za bandia, ambazo zimejaa katika soko la dunia, hazijaahidi kitu.

Sawa, digrii moja ina nini? Swali hili lingekuwa na uzito kama tungekuwa tunapima chai. Mwaka 1962 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi ya Tatiana Detinova, mtaalamu wa Kisovieti, yenye hesabu ambayo watu wa malaria wanaitumia hadi leo: chukua joto la mahali, toa 16, kisha gawanya 111 kwa kinachobaki, nawe utapata siku ambazo vimelea vya falciparum vinahitaji ili kukomaa ndani ya mbu. Penye nyuzi 20 jibu ni karibu siku 28. Penye 21 ni siku 22. Mbu wengi hawana maisha marefu hivyo, kwa hiyo siku hizo sita ndizo zinazotenganisha mbu anayeambukiza na mbu aliyekufa akiwa bado anajiandaa. Nakubali kwamba Ifakara kwenyewe mkosaji wa digrii moja hapotei sana, maana penye nyuzi 26 ni siku 11 na penye 27 ni 10. Lakini akikipandisha kihisi kilekile hadi vijiji vya juu vyenye baridi, kosa la siku moja linakuwa la karibu wiki, na ripoti yake itatangaza malaria mahali ambapo mbu anatangulia kufa, au itatangaza usalama mahali ambapo hatangulii. Kwenye friji mambo ni mabaya zaidi upande wa baridi. Chanjo zenye chumvi ya alumini, kama penta na ya pepopunda, huharibika zikiganda, na barafu ikishayeyuka chupa inarudi kwenye sura yake ya kawaida, haina aibu yoyote. Hili ni bonde ambalo watoto wa Idete walishiriki majaribio ya chanjo ya malaria ya SPf66 mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lina haki ya kuchukia digrii za kubahatisha.

Asiyetaka mambo ya mbu nimpeleke Ujiji, Februari 1858. Richard Burton na John Speke walifika Ziwa Tanganyika wakiwa wagonjwa, mmoja hawezi kutembea, mwingine haoni vizuri, na vyombo vyao vingi vya kupimia vimevunjika au kuharibika njiani. Njia yao ya kujua urefu wa mahali kutoka usawa wa bahari ilikuwa kuchemsha maji na kusoma themomita, kwa kuwa kila unapopanda mita 300 hivi maji yanachemka digrii moja mapema. Wakachemsha, wakasoma, wakaandika futi 1,850. Ziwa liko juu zaidi ya futi 2,500. Kosa la mita 200, ukilirudisha kwenye themomita, halifiki hata digrii moja; ni kama sehemu saba za kumi. Hakuna mpagazi wa kulaumiwa hapo, wala sultani aliyewacheleweshea ruhusa. Namba hiyo ilisafiri hadi London, ikaingia kwenye ramani, ikaingia kwenye ubishi wa chanzo cha Nile, ambao mabwana hawa wawili waliuendesha kwa uchungu mkubwa kuliko ule wa ndugu wanaogombea shamba. Waliyabeba masanduku ya nguo na vitabu kilomita zaidi ya elfu. Themomita ya pili iliyohakikiwa ingekaa ndani ya soksi.

Sasa tuje kwenye beseni lenyewe, maana wengi wanaliogopa kwa sababu isiyo yake. Wanadhani ili uhakiki kihisi ni lazima uwe na maji ambayo joto lake linajulikana. Beseni halihitaji kujua lina nyuzi ngapi. Kazi yake ni kuvipa vihisi viwili, kile unachokiamini na kile unachokishuku, joto lilelile kwa wakati uleule, basi. Ukiviweka mezani hewani, kimoja kitapata upepo wa dirisha, kingine kitapata pumzi ya anayekisoma, na mtabishana mpaka magharibi. Maji, kwa ujazo uleule, yanabeba joto zaidi ya mara 3,000 ya hewa, ndiyo maana hayashtushwi na kila anayepita. Kwa hiyo tafuta deli, lile la wauza barafu na samaki, lioshe mpaka harufu ya samaki ibaki kumbukumbu, tia lita 20. Hata kama deli hilo linavujisha joto la wati 20, maji hayo yatachukua dakika 70 kupungua digrii moja. Hapo una muda wa kusoma, kuandika, kujibu salamu za majirani wawili na kusoma tena. Vihisi vifungwe pamoja kwa raba bendi, ncha kwa ncha, vizamishwe kina cha kiganja kizima au zaidi, kwa sababu waya nao hupitisha joto la nje kwenda kwenye ncha, visiguse ukuta wala sakafu ya deli. Lililobaki ni kukoroga, na hapa ndipo mabeseni mengi yanapokufa. Maji yasiyokorogwa ni uji uliotelekezwa: juu umepoa, katikati vuguvugu, chini unaunguza ulimi. Pampu ndogo ya hewa ya tangi la samaki wa mapambo inatosha, au mota ya feni iliyokufa mabawa, au mwiko na mtu mvumilivu. Mtu mvumilivu ndiye kifaa adimu kuliko vyote.

Mikasa ya beseni inatokana karibu yote na haraka. Kuna anayeweka sufuria juu ya jiko, anazamisha kihisi mpaka kiguse chini, halafu anatangaza joto la maji. Alichopima ni jiko. Kuna anayetumia hita ya ndoo, ile ya kuogea, akiiacha imewaka wakati anasoma, na kila inapojiwasha na kujizima joto linapanda na kushuka kama homa ya vipindi. Wa namna hiyo afundishwe kuwasha, kuzima, kuchomoa waya ukutani, kukoroga, ndipo aingize mkono. Umeme hauhakiki mtu, unamhitimisha. Kuna kihisi kilichouzwa kwa sifa ya kutoingiza maji, ambacho baada ya robo saa kinaanza kusoma mambo ya ajabu kwa kuwa kimekunywa. Dawa yake ni mfuko mwembamba sana, na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, mwenye busara anakata kidole cha glavu ya hospitali, anakivalisha kihisi, anafunga kwa uzi. Kinapendeza. Halafu kuna jasiri anayetaka kuhakiki juu ya nyuzi 80, ambako maji yanapotea kwa mvuke na kila kinachopotea kinaondoka na joto, basi anabadilisha maji kwa mafuta ya alizeti. Kimsingi yuko sahihi. Mafuta hayachemki hapo wala hayavukizi sana. Lakini mafuta ni mazito, yanahitaji kukorogwa kwa nguvu zaidi, kihisi chenye tone la maji kikiingia yanaruka usoni, na harufu inayotoka inawaita watoto wa mtaa mzima waje na sahani. Kuwaeleza kwamba hakuna maandazi, kuna ugezi tu, yaani sayansi ya vipimo, ni kazi isiyo na mwisho mzuri.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: kihisi unachokiamini, nani alikuambia ukiamini? Si ni mwongo kumhakiki mwongo mwenzake? Mganga hajigangi, na themomita vilevile. Ninalikubali pingamizi hili, na ninafurahi kwamba maumbile yenyewe yalishaacha shahidi ambaye hachukui posho. Barafu safi inayoyeyuka ndani ya maji safi ina nyuzi sifuri, Ifakara, Iringa au Oslo. Saga barafu, ijaze chupa ya chai mpaka chini kabisa, ongeza maji ya kuziba nafasi tu, zamisha kihisi katikati, subiri. Neno muhimu ni kule chini kabisa. Maji ni mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4, kwa hiyo ukitia vipande vichache vinavyoelea, juu pana sifuri na chini panaweza kuwa na nyuzi karibu 4 pamoja na kihisi chako maskini, nawe utakilaumu bure. Neno la pili muhimu ni safi. Barafu inayopatikana upesi mtaani mara nyingi ni ya ukwaju au ubuyu, na mhakiki mwenye haraka anaona barafu ni barafu. Sukari gramu 100 katika lita ya maji inashusha sehemu ya kuganda kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, kosa lilelile tulilokuwa tunalikimbia, isipokuwa sasa lina ladha. Maji ya kisima cha kawaida hayana ubaya huo. Hata yakiwa na gramu nzima ya chumvichumvi kwa lita, yanakuyumbisha kwa sehemu sita hivi za mia. Shahidi wa pili ni maji yanayochemka, mradi ukumbuke darasa la Ujiji: Ifakara yanachemka karibu na 99, si 100, na Iringa karibu na 95, na kihisi kikae kwenye mvuke juu kidogo ya maji yanayotokota. Shahidi wa tatu yuko duka la dawa. Themomita ya homa ya kidijiti, kama imetengenezwa kwa kufuata viwango, haitakiwi kukosea zaidi ya sehemu moja ya kumi karibu na joto la mwili. Mwenye mashine ya vifaranga hahitaji shahidi mwingine. Anunue mbili, azitie kwenye deli la nyuzi 37 na kitu pamoja na kihisi chake, na zikikubaliana awe na amani. Akizitia kwenye maji ya nyuzi 27 zitaandika tu kwamba mgonjwa amepoa mno, na kwa viwango vya kitabibu zitakuwa zimesema kweli.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yana wenyewe. Shirika la Viwango Tanzania lina maabara ya ugezi, iko Ubungo, Dar es Salaam, ina mabeseni yanayong'aa ambayo joto lake halitikisiki, na inatoa cheti. Ni kweli, na zahanati au maabara inayotunza dawa za watu isijidanganye kwamba deli la samaki linachukua nafasi ya cheti. Lakini hebu tuhesabu. Kutoka Ifakara ni zaidi ya kilomita 400. Mahali penye vihisi 20 pakivipeleka vyote kila mwaka, kazi itasimama wakati vihisi vikisafiri kwa basi chini ya kiti cha mtu mwenye kuku, na virudipo hakuna anayejua vimeumia kiasi gani njiani. Peleka kimoja. Chagua kile kizuri, kibebe mkononi, kirudishe na cheti chake, kisha kitumie kwenye deli kuwahakiki wenzake 19. Cheti kinakuja kwa basi mara moja; beseni linakigawa kwa kila chumba, na mwezi ujao ukishuku kwamba kihisi cha cheti chenyewe kimeanza kuzeeka, chupa ya chai yenye barafu ipo. Maabara kubwa nazo zinaishi hivyohivyo, ndogo ikitegemea kubwa yake, mpaka huko juu kabisa ambako watu wenye makoti meupe wanatazama barafu, maji na mvuke vikikaa pamoja kwenye chupa ya kioo iliyozibwa kwa nyuzi 0.01. Tofauti ni unadhifu.

Pingamizi la umeme kukatika silijibu kwa maneno mengi. Deli lililokwisha kupashwa moto linapenda umeme ukatike: hita inatulia, maji yanashuka polepole kwa mpangilio, na mwenye mwiko anaendelea kukoroga kwa mwanga wa simu. Ni chombo pekee cha kisayansi ninachokijua ambacho ubora wake unaongezeka gizani.

Kinachobaki ni kuandika ulichokipata, na hapa kuna hatari ambayo beseni haliwezi kuizuia. Kihisi chako kimeonyesha 0.6 zaidi ya kweli. Vizuri, kikatie kipande cha utepe, bandika kwenye waya, andika tarehe na sahihisho. Wengi wanaandika alama ya kutoa na namba, wanaridhika. Watu wanageuza pande kirahisi kuliko wanavyokiri: Anders Celsius mwenyewe, mwaka 1742, alipendekeza kipimo ambacho maji yanachemka kwenye sifuri na kuganda kwenye mia, mpaka wengine wakakigeuza. Basi kwenye utepe andika neno zima, "punguza" au "ongeza", kwa kalamu isiyofutika, kwa mwandiko ambao hata muuguzi wa zamu ya usiku atausoma. Kistari cha kutoa kikishashikwa na mikono ya jasho ya bonde hili hadi masika, kinabaki alama ya gundi, na friji lililokuwa na kosa la 0.6 linakuwa na kosa la 1.2, safari hii likiwa limehakikiwa.